Mama wa Kona na Ufunguo wa Bomba

Mama wa Kona hakuwa akisema na mtu anayeshinda. Ukiwa nyuma, kete zako zote zimekaa nyumbani zikingoja sita, alikuuliza habari za kikohozi, za mchele, za barua kutoka kwenu. Ukianza kuongoza tu, macho yake yalikupita kama unavyoupita mti uliouzoea njiani. Hapo ndipo ulipojua umekwisha.

Tulimwita hivyo kwa sababu chumba chake kilikuwa cha mwisho katika laini yetu ya polisi, safu ya vyumba vya askari upande wa Bukoto, pale kwenye kona karibu na bomba. Mumewe alikuwa koplo. Mimi nilikaa chumba cha katikati na kaka yangu, ambaye siku hizo alikuwa konstebo. Nilikuja kwake nilipomaliza praimari, nimpikie na kumfulia mpaka aoe. Hakuoa upesi, nami nikakulia pale, kati ya wake za watu.

Bomba lilikuwa moja kwa laini nzima. Maji yalikuja alfajiri, na jua likipanda kidogo yanakatika. Wanawake walipigana kwa mabeseni mpaka siku moja mmoja akapasuka kichwa. Afande aliyesimamia nyumba akaweka kufuli, akatukabidhi ufunguo, akasema tuchague wenyewe wa kuushika. Tulishindwa. Kila aliyetajwa alikuwa na adui wake. Ndipo Mama wa Kona akatoka chumbani na ubao wa ludo kwapani.

"Jumapili tunacheza," alisema. "Mwenye kushinda ashike ufunguo wiki moja. Mungu atachagua na dadu, hapana sisi."

Mungu hakuwa na nafasi kubwa katika mchezo ule, lakini tulikuwa bado hatujajua.

Ubao ulikuwa wa plaiwudi, mumewe aliuchora mwenyewe kwa rangi za kupakia milango ya stesheni. Kete zilikuwa vifungo vya sare kuukuu, vimepakwa rangi nne. Dadu tuliitikisa ndani ya kopo la rangi ya viatu, na mikono ya kila mtu ilinuka viatu mpaka jioni. Mama wa Kona alichukua buluu. Kijani alikuwa mke wa konstebo mmoja kutoka kaskazini, mwanamke mrefu mwenye watoto wengi na kicheko cha karibu. Nyekundu alikuwa Muganda, mke wa dereva, aliuza vitunguu mlangoni kwake. Alikosekana wa nne.

"Nipeni huyu mpole," Mama wa Kona alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Mpole ndiye anakula watu kimyakimya."

Walicheka. Mimi nilikaa, nikapewa njano. Tangu siku ile tuliitana kwa rangi zetu, hata kwenye foleni ya sukari.

Niseme kwa nini niliutaka ufunguo. Mshindi aliuvaa shingoni kwa kamba. Yeye ndiye aliyefungua, yeye ndiye aliyekinga kwanza, na wengine wakapanga madebe nyuma yake kwa zamu aliyoisema. Mimi sikuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Zamu yangu ilikuwa popote waliponisukuma, na mara nyingi nilifika bombani likiwa linatema hewa. Niliwaza ile kamba ikikaa shingoni mwangu wiki moja tu. Niliwaza Nyekundu akiniambia, "Habari ya asubuhi, Njano," na kungoja nimjibu.

Na nilijua kucheza. Nilijua lini kukimbia, lini kujificha nyuma ya kete mbili zilizokaa pamoja. Nilikuwa naongoza mara nyingi kuliko wote. Lakini ufunguo haukunifikia, na sababu yake ni mdomo wa yule mwanamke.

Nitaeleza Jumapili moja, nyingine zilifanana nayo. Kete zangu tatu zilikuwa zimefika. Ya nne ilikuwa karibu na mlango wangu, imebakiza hatua chache. Mama wa Kona alifunga vizuri gurbaba yake, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa Kinubi, akamgeukia Kijani.

"Kijani, wiki iliyopita mtoto wako alikwenda shule bila kunawa uso. Ama nasema uongo?"

"Si uongo, Mama."

"Nani alikuwa na ufunguo?"

"Huyu hapa, Nyekundu."

"Banange!" Nyekundu aliruka, kwa Kiswahili chake cha Kiganda. "Mimi nilifungua mapema. Rakini maji yalikuwa kidogo, nnyabo, mimi nifanye nini?"

"Hapana kasirika, mimi nauliza tu. Sasa ufunguo ikienda kwa mtu hana mtoto, huyo mtu ataamka saa ngapi? Ataamka kwa sababu ya nani?"

Hakuna aliyenitazama. Wote waliitazama kete yangu.

"Sikiliza, Kijani. Mimi hapana piga wewe mpaka nipite hii kona. Wewe hapana piga mimi. Nyekundu, toa kete yako moja, kaa nyuma ya njano. Usikimbie. Kaa tu."

"Nikikaa nitachelewa, Mama."

"Utachelewa pamoja na sisi. Ni afadhali kuchelewa na watu."

Nilikuwa na la kusema. Kaka yangu alikuwa zamu ya asubuhi, nami niliamka kabla ya laini nzima nimchemshie chai. Kama kuna mtu angefungua bomba mapema, ni mimi. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa, lakini kooni yalikwama kama kawaida yake. Nyekundu alitupa dadu, akapata nne, akaila kete yangu, wote wakapiga makofi. Kijani ndiye aliyeshinda. Alivaa kamba ile shingoni, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumshika Mama wa Kona mkono na kumwambia asante.

Hilo ndilo lililonichoma. Mama wa Kona mwenyewe alishinda mara chache, labda mbili nikumbukavyo, na mara zote mbili alinung'unika wiki nzima kwamba mwenye ufunguo halali usingizi. Lakini kila aliyeshinda alimshukuru yeye. Hakuwa na ufunguo, na ufunguo haukwenda kwa mtu asiyemtaka. Mimi nilicheza kwa akili yangu yote nikawa mtu wa kupigwa. Yeye alicheza kwa ulimi akawa malkia. Usiku nilijaribu kusema peke yangu kwa sauti yake, "Mimi hapana piga wewe, wewe hapana piga mimi," na kaka akaniuliza kutoka kitandani kama nina homa.

Hata kwa ajili ya kaka yangu nilimwonea wivu. Akirudi kazini alipita kwanza kwenye kona, akachuchumaa mlangoni kwake, wakacheka. Kwangu alikuja na njaa tu.

Mama wa Kona alikuwa na mambo yasiyolingana. Alichukia umbeya, na hakuna siri ya laini ile ambayo hakuijua. Alimzungusha kila mtu kwa maneno, lakini ahadi yake hakuivunja kamwe. Akisema hatakupiga mpaka apite kona, angeweza kukuta kete yako imekaa wazi mbele ya uso wake akairuka. Ila ahadi yake ilikuwa na mwisho, na mwisho huo aliukumbuka yeye peke yake. Akishaipita ile kona alikupiga bila kupumua, na ukilia alisema, "Nilikwambia mpaka wapi?" Ukikumbuka, kweli alikwambia.

Aliwafundisha wengine bila choyo. Siku moja Nyekundu alitaka kunipiga haraka, yeye akamshika mkono. "Ngoja. Kabla ya kumwangusha mtu, tazama kwanza nani atabaki mbele. Ukimwangusha njano leo, nani iko pale? Kijani. Unataka Kijani? Basi kama unataka, piga. Kama hutaki, ngoja zamu moja." Nyekundu alingoja. Sentensi ile aliirudia mara nyingi, nasi tuliicheka, tukamwambia anahesabu kama karani.

Mumewe pia tulimcheka. Alikuwa koplo tangu kabla hatujafika pale, na vijana aliowafundisha kushika bunduki walimpita wakimpigia honi. Ilisemekana alipewa nafasi ya kuwa sajenti akajifanya anaumwa mgongo. Kijani alimwuliza Mama wa Kona siku moja, sote tukisikia, kama haoni aibu.

"Mistari miwili inamtosha kujikuna," alijibu. "Mitatu inaonekana mbali."

Kaka yangu alikuwa anapanda. Akawa koplo, kisha sajenti, katika muda ambao wengine walikuwa bado wanabadilisha buti. Alinunua pikipiki. Alileta redio yenye mbao za kung'aa, akaifungua dirishani laini nzima isikie. Nilijivuna, sitaficha. Niliposhindwa ubaoni nilirudi ndani nikaifuta vumbi ile redio taratibu, mlango ukiwa wazi, Mama wa Kona aone.

Kisha ikaja habari kwamba mkubwa mmoja anataka walinzi wapya wa nyumbani kwake, na jina la kaka liko juu. Kazi ile ilikuwa na gari, na nyumba kubwa iliyoachwa na wenyewe, na nyama kila siku. Kila mtu alijua pia kwamba waliokaa karibu na wakubwa siku zile hawakudumu. Leo mtu anafungua geti, kesho watu wa miwani myeusi wanamwuliza alifungulia nani. Lakini jambo hilo halikusemwa. Lililosemwa lilikuwa gari na nyama.

Wanawake walinisalimia vizuri kupita kiasi. Mama wa Kona aliacha kusema na kaka. Alipita mbele yake akiwa na debe, macho mbali, na kaka akacheka, akasema, "Leo mama yetu ameamka vibaya." Mimi ndiye niliyeyajua yale macho.

Alinijia jikoni mchana, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mwanangu, unacheza kama unakimbizwa. Na kaka yako anacheza hivyohivyo. Mwambie apoteze moja."

"Apoteze nini, Mama?"

"Chochote. Achelewe kazini. Alewe. Apoteze kofia. Mtu wa mbele anaona njia peke yake, hapana ona watu."

Nilimwambia kaka jioni ile, na kwangu ilikuwa kazi kubwa kuyasema maneno marefu vile. Aliniuliza nani kanituma. Nilipomtaja alicheka sana. "Mumewe ameoza na mistari miwili, sasa anataka tuoze wote. Wivu huo." Nami nilimwamini, kwa sababu wivu niliujua vizuri, nikafikiri hata yeye anao.

Baada ya siku chache Mama wa Kona alikwenda kwa afande wa nyumba, na Kijani na Nyekundu kushoto na kulia kwake. Walilalamika kwamba sajenti wa chumba cha katikati amevunja kufuli ya bomba alfajiri na kuosha pikipiki kwa maji ya watoto. Kuosha pikipiki aliosha kweli, mara moja, kwa ndoo niliyomkingia mimi. Kufuli hakuivunja. Lakini ilikuwa imevunjika, imewekwa mezani mwa afande, na wanawake watatu wanasema jambo moja. Afande yule aliogopa kelele za wanawake kuliko bunduki. Alimwondolea kaka mstari, akamhamishia Port Bell kulinda magunia gatini. Tulipewa chumba huko Luzira, harufu ya samaki mpaka ndani ya blanketi.

Siku ya kuhama, Mama wa Kona alisimama mlangoni kwake. Kaka hakumuaga. Mimi nilitaka kumwambia neno moja baya. Nilikuwa nalo. Nilipandisha redio kwenye pikapu, nikakaa juu ya godoro, tukaondoka.

Jina lililokuwa la pili kwenye orodha ya walinzi lilikuwa la mume wa Kijani.

Nilisikia kwa Nyekundu, nilipomkuta sokoni. Kijani alichinja kuku, akapika kwa ajili ya laini nzima, akacheka kicheko chake. Mama wa Kona alikaa mbele ya sahani bila kula, watu wakadhani ana gere. Mvua za masika zilipoanza, yule konstebo hakurudi nyumbani. Gari lisilo na namba lilikuja baadaye kuchukua nguo zake, na dereva hakujibu salamu. Kijani alikwenda kila ofisi akiwa na mtoto mgongoni. Walimwambia mumewe ametoroka kazini.

Jumapili iliyofuata, Nyekundu aliniambia, Mama wa Kona hakutoa ubao. Alikuja kwake, akamvua ile kamba shingoni bila kusema, akaenda kuivalisha shingoni mwa Kijani. Kijani alishika ufunguo mpaka siku alipofunga mizigo kurudi kwao na watoto wake. Na mimi, nikiwa nimesimama pale sokoni na vitunguu mkononi, nikimwonea huruma Kijani, bado kitu kidogo kilinichoma: aliupata ufunguo kwa mkono wa Mama wa Kona mwenyewe, bila hata kutupa dadu.

Miaka imepita. Mume wa Mama wa Kona alistaafu akiwa koplo, nao wakapanga chumba Kasubi. Kaka aliachishwa kazi, sasa anaziba pancha za baiskeli karibu na gati. Yu hai, analalamika mgongo, ana mke na watoto wawili. Jina la Mama wa Kona halitamki. Lakini mwezi uliopita alipata mche wa sabuni, kitu adimu, akaukata katikati kwa waya, akanipa nusu.

"Ukipita Kasubi," alisema, "mpe yule."

"Nimwambie nini?"

"Sabuni haisemi."

Nilimkuta amekaa mlangoni, anasuka kifuniko cha sinia kwa ukili wa rangi. Amekonda. Aliinusa sabuni kwanza, akaiweka ndani ya gurbaba, hakuuliza imetoka kwa nani. Tulisalimiana kirefu. Aliniuliza habari za kikohozi, za mchele. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja, maana nilijua maana yake.

Pipa la maji chumbani lilikuwa limefunikwa kwa ubao wa ludo. Rangi imebambuka, lakini niliijua ile plaiwudi.

"Bado unacheza, Mama?"

"Na nani? Koplo hapana ona vizuri."

"Na mimi."

Alinitazama. "Wawili?"

"Wawili."

Aliondoa vikombe, akaushusha ubao. Kete nyingi zimepotea, akajazia maharagwe. Kopo lilikuwa lilelile.

Hakujua kucheza. Miaka yote ile sikuliona, kwa sababu tulikuwa wanne. Alikimbia ovyo, aliacha kete wazi, alitupa dadu kama mtu anayemwaga maji machafu. Wawili tu hakuna wa kumwambia neno. Nilimpiga, nikampiga tena, naye alirudisha haragwe lake nyumbani. Ushindi nilioutaka tangu utoto ulikuwa unanijia mkononi, na ladha yake ilikuwa kama chai bila sukari.

Nilikuwa na swali. Safari hii lilitoka.

"Mama, ulikuwa unatuambia tutazame nani atabaki mbele."

Alitikisa kopo.

"Nilimtazama wa mbele," alisema. "Niliogopa sana kwa ajili yake. Wa pili sikumtazama." Akatupa. Alipata moja. "Kijani aliimba siku ile tunakwenda kwa afande. Unajua? Alikuwa ananisindikiza."

Hakulia, wala mimi sikulia. Ilikuwa zamu yangu. Kete zangu tatu zilikuwa zimefika, ya nne ilikuwa karibu na mlango.

Mwanamke wa chumba cha jirani alipita na debe kichwani, akasimama kutuangalia. "Mnacheza nini hapo, Mama?" Mama wa Kona aliinua uso. Nilimwona akifungua mdomo, ule mdomo nilioutamani mpaka usingizini, macho yake yakaenda kwenye kete yangu, yakaenda kwa yule mwanamke. Kisha akaufunga.

"Tunamaliza," alisema.

Dadu ilikuwa mkononi mwangu. Niliirudisha ndani ya kopo.

"Mama, weka debe chini uje ukae," nilimwambia yule jirani. Sauti yangu ilitoka kubwa, nikashtuka mwenyewe. "Kuna nafasi. Mimi ndiye niko mbele."

"Sijui kucheza, mwenzangu."

"Huyu atakwambia la kufanya."

Mwanamke alicheka, akashusha debe, akasukuma mkeka kwa mguu. Mama wa Kona aliokota maharagwe manne, akayapanga kwenye nyumba nyekundu, polepole.

"Kaa hapa," alimwambia. "Kwanza nataka kuuliza, ile maji umeteka saa ngapi? Watoto wamenawa?"

"Wapi, Mama! Foleni imenitesa tangu asubuhi."

"Basi sikiliza. Mimi hapana piga wewe mpaka nipite hii kona. Na huyu njano usimwonee huruma. Anajifanya mpole."

Nilimtazama anitazame. Macho yake yakanipita, kama unavyoupita mti uliouzoea njiani.